Barua ya Mize Niliyoisahihisha

Siku ya kwanza nilipoingia kazini, asubuhi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na Jiografia, kwa mujibu wa cheti changu. Saa saba mchana nikatoka nikiwa mwalimu wa Kiingereza. Skuli ilikuwa upande wa Kiwengwa, na mwalimu wa Kiingereza niliyemkuta jina lake kwenye ratiba alikuwa ameshaondoka, amekwenda kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapo hapo pwani. Mwalimu Mkuu, mtu mpole mwenye kawaida ya kuzungumza huku anatazama dirishani, alinikabidhi boksi la chaki na kitabu cha sarufi kisicho na jalada. Nikamweleza kwamba pamekosewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kidato cha nne wananisubiri.

Nyinyi mnaosoma leo mtaona ajabu, lakini ndivyo nilivyoanza. Wanafunzi wangu walijua kumwamkia mgeni kwa Kitaliano na kumwelekeza njia kwa Kiingereza, ila ukiwataka waandike sentensi mbili zinazofuatana, wanakwama. Mimi mwenyewe nilikuwa nakwama nao. Nilipanga nyumba hapo kijijini, na kila Ijumaa nikirudi kwetu mjini nilikuwa nabeba kamusi kwenda kujifunza somo la wiki inayokuja.

Kazi kubwa ya mwalimu wa lugha wakati ule ilikuwa madaftari. Kila wiki tulitoa maneno kumi ya msamiati, mwanafunzi atafute maana na alitungie sentensi kila moja. Kwenye fasihi tuliwasomesha hadithi fupi, nao waeleze dhamira, yaani lile jambo kuu ambalo mtunzi anataka tulione. Halafu utunzi, ambao ndio uliowatisha zaidi: insha au barua, kurasa mbili. Kusahihisha nako kulikuwa na alama zake. Tahajia ikikosewa unapiga mstari chini. Njeo ikikosewa, yaani wakati wa kitenzi, unaandika herufi T, ya neno "tense", pembeni kisha unamwandikia juu lililo sahihi. Nilikuwa mwepesi wa alama hizo. Daftari moja dakika tano.

Miezi mitano kabla ya mtihani wa kidato cha nne niliwapa kazi ya nyumbani: waandike barua kwa rafiki, wamsimulie jambo lililowapata. Niliwasisitizia kwamba barua nzima iwe kwenye wakati uliopita, kwa sababu hapo ndipo walipokuwa wakikosea.

Mize alikuwa anakaa safu ya pili. Msichana mkimya, mama yake mkulima wa mwani, hati yake ndogo na imebanana kama anaogopa karatasi itakwisha. Aliandika kwamba mambo nyumbani yamebadilika na kwamba atawakumbuka wenzake. Katikati ya ukurasa palikuwa na sentensi hii: "I am leave school on Saturday." Alikusudia kusema naacha skuli Jumamosi. Nikatia T pembeni, nikakata, nikamwandikia juu yake "I left", niliacha. Barua nzima nikaigeuza hivyo hivyo, kila jambo linalokuja nikalifanya limeshapita. Nikampa kumi na nne juu ya ishirini na kumwandikia chini kwamba amebuni vizuri.

Nilirudisha madaftari Ijumaa. Jumatatu Mize hakuja.

Siku ya tatu nilimwuliza mwenzake wa dawati moja, akanambia Mize hayupo tena, kahamia mjini. Nilisimama pale mbele ya darasa na sikumbuki nilisomesha nini. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwachia mwenzake huyo daftari lake, akanipa. Nikaisoma ile barua upya, mara hii nikiyasoma maneno ya Mize chini ya wino wangu mwekundu, na sikujua niamini nini. Pengine alikuwa ananiambia. Pengine alikuwa anafanya kazi niliyompa, na mambo yamesadifiana tu.

Nilimpelekea Mwalimu Mkuu lile daftari. Alilisoma polepole, akalifunga, akatazama dirishani.

"Mwalimu Rahma," akasema, "ulikuwa unasoma, au ulikuwa unasahihisha?"

Nikamwomba ruhusa nikamtafute Mize. Akaniruhusu niende kwa mama yake.

Maji yalikuwa yametoka, bahari imekupwa. Bi Mboja, mama yake Mize, alikuwa yumo kwenye shamba lake la mwani, ameinama anafunga vishada kwenye kamba iliyopigiwa vijiti. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila ya kuinuka. Alinieleza kwamba mdogo wake aliyeolewa Jang'ombe, mjini, amejifungua pacha na hana msaidizi, ndio kamchukua Mize. Hakuonekana kuona haya wala kutaka ugomvi. Nilipomwuliza kwa nini hakuja skuli kutuarifu, ndipo akainuka akanitazama.

"Kwani wewe hukuwa na habari? Mwanangu kanambia kakuandikia, na umeridhia. Kanionesha na maksi ulizompa."

Nilirudi skuli viatu mkononi, nguo zimelowa mpaka magotini. Njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Barua ilikuwa ya rafiki wa kubuni. Mwalimu gani anajibu barua asiyoandikiwa yeye? Lakini ni nani mwengine angeisoma?

Jumamosi ile nikaenda Jang'ombe. Nyumba nilielekezwa na wanawake waliokuwa wakichota maji. Mize alikuwa uani, mtoto mmoja mapajani, mwengine analia ndani. Aliponiona akataka kusimama, nikamkataza. Tulikaa. Nilimwuliza ile barua ilikuwa ni kweli au ni kazi ya nyumbani.

"Kazi ya nyumbani, mwalimu," akasema. Kisha akamweka mtoto begani. "Lakini mbona uliandika nshaacha? Nilikuwa bado sijaondoka."

Mpaka leo sijui vipi maneno yale mawili yanakaa pamoja. Nilimtaka msamaha, na yeye akanitazama kama nimemtolea neno la msamiati asilolijua.

Mama yake mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alinambia waziwazi kwamba hawezi kumrudisha mtoto mpaka wale pacha wapate nguvu. Nikamwomba anipe muda wa saa mbili baada ya alasiri, kila Jumamosi na Jumapili, nimsomeshe pale pale uani. Alifikiri, akakubali, kwa sharti kwamba mtoto akilia tusimwache. Basi tulisoma hivyo kwa miezi minne na zaidi, Mize ana kitabu mkono mmoja. Madaftari ya masomo mengine nilikuwa namwazimia kwa wenzake kila Ijumaa na kuyarudisha Jumatatu. Mwalimu Mkuu aliambiwa na Mwalimu wa Taaluma, msimamizi wa mahudhurio na mitihani, kwamba jina la Mize lifutwe. Akamjibu kwamba mtoto yumo katika kusoma, na jina likabaki.

Alirudi kijijini kufanya mtihani. Kiingereza alipata alama ya juu kuliko wote. Hesabu alianguka, na masomo mengine yakamwangusha, asiweze kuendelea na kidato cha tano. Siku matokeo yalipotoka, Bi Mboja alinishukuru mbele ya watu, na mimi nikaona nastahiki lawama. Kama ningeisoma barua ile Alhamisi, nilipokuwa naisahihisha, labda asingeondoka hata wiki moja. Au angeondoka vilevile, kwa sababu pacha hawangojei barua. Mize mwenyewe aliajiriwa hotelini Kiwengwa, akawa ndiye anayepokea wageni, na akafurahi. Nilimwona amevaa sare, anazungumza na wazee wa kigeni bila ya kusita hata neno moja. Sikujua nifurahi naye au nilie.

Baada ya miaka nikahamishiwa skuli ya mjini, karibu na bandari ya Malindi, ambako honi za boti za Dar es Salaam zilikuwa zinatukatiza katikati ya imla, yaani pale mwalimu anaposoma na wanafunzi wanaandika. Huko nilikuwa nimeshabadilika, ila sijui kama kwa uzuri. Mwanafunzi akiandika jambo zito, kabla ya kutia T nilikuwa namwandikia swali pembeni: hili ni lako? Wengine walijibu, wengine waliona nawapekua. Msichana mmoja aliacha kabisa kuleta insha. Mkaguzi, aliyetumwa kupitia kazi za walimu, alifungua rundo la madaftari yangu na kukuta makosa ya sarufi yamepita bila ya alama. Akaniita ofisini.

"Bi Rahma, hapa panasomeshwa Kiingereza, au panapokelewa habari za watu?"

Nikamwambia vyote viwili. Akanambia hilo halimo katika muhtasari wa somo, na alikuwa na haki. Wanafunzi wangu wa mwaka ule walifanya vibaya kwenye njeo kuliko wa mwalimu mwenzangu wa chumba cha pili. Nikarudia kutia alama zote na kuuliza maswali kwa mdomo. Hilo nalo lilikuwa na shida zake.

Nilistaafu nikiwa Mkuu wa Idara ya Lugha. Waliniaga kwa hotuba nzuri, wakasema nimewaelewa watoto. Nilitabasamu tu.

Sasa nakaa Jang'ombe, na watoto wa majirani wananijia na kazi zao baada ya alasiri. Lakini insha za siku hizi zinanichanganya kuliko zote. Zinaandikwa na simu, si na mtoto. Hazina kosa hata moja. Natafuta pa kushika sipapati, na mwenye daftari akisoma aliyoyaandika, nusu ya maneno hayajui maana yake.

Wiki iliyopita alikuja Sabra, wa kidato cha tatu, na insha ya namna hiyo, ingali kwenye simu, kuhusu familia. Sikumgombeza. Nilimwuliza ni sentensi gani humu aliyoiandika mwenyewe. Akaona haya, kisha akanionesha moja, ya mwisho kabisa, ina makosa mawili. Nikamwambia anieleze kwa Kiswahili alichokusudia. Akaanza kueleza, akasita, akaendelea, na aliyoyasema yalikuwa mambo ya nyumbani kwao yanayomsumbua, wala hayakujibu swali la insha hata kidogo.

Alipomaliza, adhana ya magharibi ilikuwa imeshakwisha na kazi ya nyumbani tulikuwa hatujaigusa. Nilimsindikiza mpaka kwao, nikakaa na mama yake. Kesho yake mwalimu wa Sabra alimtaka daftari, na lilikuwa tupu, kwani ile insha ya simu hakuinakili, na mwalimu yule alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini.