Kona ya Nne ya Blanketi

Mimi ni fundi cherehani, na mtu yeyote hapa Mikumi atakwambia sina maneno ya "njoo kesho". Mafundi wenzangu wametuharibia jina kwa hayo. Mteja anakuja Jumamosi anaambiwa Jumatatu, Jumatatu anaambiwa umeme ulikatika. Mimi nikisema Ijumaa ni Ijumaa, na ukichelewa kuchukua nguo yako nitakugombeza wewe. Ndiyo maana lile blanketi lilinitesa. Lilikaa mezani kwangu tangu mke wangu alipofariki, harusi ya binti yetu inakaribia, na kila nilipoligusa niliharibu.

Kwao mke wangu ni milimani Vidunda. Baridi ya kule si ya mchezo, na akina mama wa kanisani wanashona mablanketi ya viraka tangu enzi za wamisionari. Unaunga vipande vya kanga juu, katikati unaweka blanketi kuukuu, chini kitambaa kizima, halafu unadarizi kwa mkono kupitia tabaka zote ili zishikane. Binti akiolewa, mama yake humfunika blanketi lake mbele ya watu siku ya kumuaga. Mke wangu alianza la binti yetu hata mchumba hajajulikana. Akamaliza katikati yote. Pindo alilikata na kuliunga pande zote nne, ila kulidarizi hakuwahi. Aliugua, akalazwa, hakurudi nyumbani.

Sasa kazi iko kwenye pindo. Alilitoa kwenye kanga zake mwenyewe, na pindo la kanga zile lilikuwa pana upande mfupi, jembamba upande mrefu. Uchore pambo lolote unalotaka, likifika konani linagongana na mwenzake mnene kuliko yeye. Nilianza na zigizaga, kwa cherehani. Loo! Blanketi la bibi harusi likafanana na mfuko wa sare ya shule. Nikafumua. Nikachora almasi, zikaenda vizuri mpaka konani, pale zikakatika nusu. Nikafumua tena, na kitambaa cha kanga ukikifumua mara nyingi kinaanza kuchoka.

Nikasema basi, nifuate la kwake. Kitandani kwetu lipo blanketi ambalo yeye alifunikwa na mama yake. Tawi la mboga ya maboga linatambaa kwenye pindo lote, jani baada ya jani, na konani linapinda bila kukatika, jani moja limelala mshazari kama limechoka. Nikavua futi shingoni nikapima majani yale. Ebo! Hakuna mawili yaliyolingana. Ndipo nikakumbuka kwamba mke wangu hakuwahi kushika futi. Kwao walipima kwa shibiri, dole gumba mpaka kidole cha mwisho, na mapindo walikata kwa shibiri hiyo hiyo. Alikuwa akinicheka: "Wewe baba, ulizaliwa nalo hilo futi?"

Nikapima kwa mkono wangu. Lakini mimi ni mjukuu wa mtu wa reli, babu yangu alibeba mataruma Kilosa, na mikono hii mipana tulirithishana. Nilipofika konani lilibaki nusu jani. Nikabana vidole, likabaki robo. Mzee mzima, nimeinama mezani nabana vidole kama ninayeiba sukari. Mkono uliotakiwa ni wa mke wangu, na huo nilikuwa nimeuzika. Nikakirusha kile kipande cha sabuni ninachochorea, kikampata kuku wa jirani, na jirani akaja juu. Hata ule ugomvi niliufurahia. Tangu asubuhi sikuwa nimesema na mtu.

Nisifiche, nilikuwa mpweke. Malori yanapita barabarani usiku na mchana, wateja wanaingia na kutoka, watalii wanapiga picha, na mimi nilikuwa mpweke. Nilikuwa nikipika ugali wa watu wawili kwa kuzoea tu, kisha nabaki nautazama.

Binti yangu alikuja kutoka Morogoro wiki ya kumuaga. "Shikamoo baba." "Marahaba. Umekonda." Akaliona blanketi. "Baba, bado?" Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya wateja wanaotapeliwa na mafundi, na liliniuma kweli. Nikamweleza, kwa hasira, habari ya majani na vidole. Aliweka dole gumba kwenye mshono wa kona, akatandaza mkono, akasogea, akatandaza, akasogea, mpaka mwisho wa pindo. Kidole chake cha mwisho kikatua juu ya mshono wa kona ya pili, pale pale.

Akajaribu upande mwingine. Pale pale.

"Huo ni mkono wa mama yako," nikamwambia, nikatoka nje kujifanya natafuta uzi.

Siku zile zilizobaki zilikuwa nzuri, sina neno lingine. Yeye alipima, mimi nilichora kwa sabuni, halafu tukakaa huku na huku tukadarizi. Sikuwa nimeshona kwa mkono tangu nikiwa mwanagenzi. Alinicheka mishono yangu, akasema mama angeifumua yote. Kona ya kwanza ikapinda vizuri, na ya pili. Tulipomaliza ya tatu, aliinuka kwenda kuinjika chai, na mimi nikabaki natazama iliyosalia. Kazi ya asubuhi moja. Na ikiisha hiyo, nilijiuliza, nyumba hii imebaki na nini cha kumrudisha mtu?

Aliporudi na vikombe nikamwambia uzi wa rangi ile umeisha, na Mikumi nzima hauuzwi.

"Sasa kona hii itamaliziwa lini?"

"Njoo Krismasi."

Alinitazama. Huyu amekulia chini ya cherehani yangu, maneno hayo hajawahi kuyasikia kinywani mwangu. Halafu akautazama mfuko wa shati langu, ambako kibonge cha uzi kilikuwa kimetuna wazi wazi. Alicheka, macho yakamjaa. "Fundi gani wewe," akasema, akaninywesha chai.

Siku ya kumuaga nilimfunika mabegani badala ya mama yake, kona ya nne nimeikunja kwa ndani. Shangazi zake kutoka Vidunda walipiga vigelegele, walitazama mapindo, hawakuona kasoro.

Baada ya harusi niliwasindikiza, yeye na mumewe, mpaka Kilosa, wakapande treni ya umeme kwenda Dodoma. Treni ya babu yangu ilikuwa ikiondoka unaisikia mpaka unachoka. Hii sikuwahi hata kuinua mkono vizuri, imeshapotea. Nikarudi Mikumi kwenye kiti cha dirishani, futi shingoni, nililisahau kulivua hata kwa safari. Nikapika ugali wa watu wawili.

Desemba ilipoanza nilikuwa nakaa karibu na simu bila kutaka ijulikane. Ikalia jioni moja. Salamu, hali ya hewa, mumewe hajambo. Kisha akasema: "Baba, hapa jirani kuna fundi, mama mmoja mwema. Ameliona blanketi, anasema kona hiyo ni kazi ndogo tu, atanimalizia leo leo."

Nikalishika futi shingoni. Ni kazi ndogo kweli.

"Nimemkatalia," akasema. "Nimemwambia fundi wake yupo, ila ni mtu wa njoo kesho."

Nikamwambia aje. Uzi umepatikana.