Tenti Iliyoruka Landless

Nilikuwa nimekumbatia nguzo ya tenti kule Landless, Thika, wakati miguu yangu iliacha ardhi. Si sana, kama urefu wa stuli, lakini mtu mzima wa mwili wangu akining'inia mbele ya wakwe, hayo ni maneno. Upepo ulikuwa umeingia chini ya turubai, na Karanja mwenye tenti alikuwa ameketi na sahani ya pilau. Nikaanguka kwa goti. Tenti ikaenda kulala juu ya choo cha jirani.

Nawaandikia nyinyi wa chama, huko Mwihoko, kwa sababu nasikia mnaambiana naongeza chumvi, ati siku hiyo hakukuwa na upepo. Kwenu hakukuwa. Wacha nianze mwanzo.

Nilienda Thika kwa ruracio ya Shiko, mtoto wa dada yangu Njoki, siku ya wakwe kuleta mahari. Nilienda pia kuchunga hiyo tenti. Huyo huyo Karanja aliniangushia tenti Mwiki kwa harambee ya kanisa, bega likavunjika, na mpaka leo siwezi kuanika blanketi. Akasema ni upepo wa Mungu. Mama Ciru, mwenyekiti wa chama chetu, akamsamehe kwa niaba yangu kwa sababu ni ndugu yake, na tena yeye ndiye alimpendekeza Karanja kwa Njoki.

Asubuhi niliingia mbele ya lori ya Karanja, karibu na dereva, nimchunge kabisa. Ruiru mbingu ilikuwa safi. Nikamuuliza Karanja pegi za kukita tenti ziko wapi.

"Ziko, mathe. Zingine tutapata huko."

"Huko wapi? Kwani zinaota?"

Akaongeza sauti ya redio.

Tukipita Juja vikatokea viwingu, chini bapa kama chapati, juu vimefura kama mandazi. Nilifurahi, nikaona ni mapambo ya Shiko.

Saa nne tulikuwa Landless. Njoki alinipokea kwa uji na vijembe: "Umeletwa na tenti ama wewe ndiye umeileta?" Tukakaa nje tukimenya viazi. Miaka mingi Njoki alifanya kazi kwa kiwanda cha kahawa, kuianika na kuifunika, kwa hivyo macho yake hayatoki juu. Nikamwambia viwingu vinayeyuka, hatutanyeshewa.

"Vinanywewa," akasema. "Hewa iliyovizunguka ni kavu. Lakini kila kimoja kikifa kinaacha unyevu pale. Si umewahi kupaka ukuta rangi? Mkono wa kwanza ukuta unakunywa wote. Wa pili unabaki."

Na kweli, kila nikiinua kichwa vilikuwa virefu kuliko vile vya kwanza. Kufika saa saba, upande wa Gatanga kulikuwa na kimoja kama gorofa, kimepanda mpaka kichwa kikatandazika, na chini yake kumekuwa kweusi.

Njoki akamwendea Karanja. Nilikuwa hapo, nilisikia kwa masikio yangu. Kamba alikuwa amezifungia kwa mawe na mitungi ya maji.

"Kijana, kita hii tenti vizuri. Mvua ikianguka kule, hewa baridi inaanguka nayo. Ikifika chini inatambaa kama maji yamemwagika sakafuni. Itatufikia kabla ya mvua, na ikisukuma hili joto letu juu, wingu lingine litaota hapa hapa."

"Mama, hiyo iko mbali. Hapa si ni jua?"

Karanja akaenda kupakua pilau.

Wakwe wakafika kutoka Bungoma wakiimba, na sisi tukawaimbia langoni, tukikataa kufungua mpaka wacheze. Wakacheza. Halafu ile baridi ikapita shingoni, jua likiwa bado linawaka, na mengine nimeshawaambia.

Nikiwa pale chini, baba ya mchumba wa Shiko akasema taratibu, "Sisi tulikuja kuomba mmoja. Huyu mwingine akitaka kuja mwenyewe kwa ndege, hatukatai." Nilicheka mpaka nikasahau goti. Mvua ikatukimbiza kwa nyumba ya Njoki, wazee kitandani, sufuria chini ya meza. Mabati yalipiga kelele hata mazungumzo ya mahari yakawa ya kupayuka. Mtaa wote ulisikia, na wazee waliposikizana mtaa wote ukapiga vigelegele. Shiko alicheza kwa tope bila viatu. Sijaona ruracio tamu hivyo.

Jioni nikarudi na jirani wa Njoki. Kutoka Juja barabara ilikuwa kavu, Ruiru vumbi. Njoki alikuwa amenieleza: hewa ikipanda kwa wingi mahali pamoja lazima ishuke kwingine, na ikishuka inazima mawingu ya huko. Ndiyo maana nyinyi mlianika nguo siku nzima.

Kwa hivyo nimejifunza kwamba upepo una mahali unatoka, na mtu anaweza kuonyeshwa kwa kidole. Mama Ciru, Jumapili chama kikikutana mlete ndugu yako. Sitaki pole. Asimame mbele yetu atueleze: alionyeshwa wingu, akaambiwa upepo utatoka wapi, mbona akaenda kupakua pilau? Na wewe utueleze utampeleka kwa nani tena.