Jumamosi Kumi na Moja Kati ya Kumi

Kamati ya harusi ya dada yangu mdogo ilikutana kila Jumamosi jioni nyumbani kwetu, mtaa mmoja wa Eastlands, si mbali na Pumwani. Ajenda ilikuwa soda, mandazi na mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa karani wa ghala huko Industrial Area, mtu wa kalamu mbili mfukoni, aliyeamini kwamba hakuna jambo duniani lisilofaa kuahirishwa.

Jumamosi ya kumi, wiki mbili kabla ya harusi, alisimama.

"Ndugu wanakamati, tangu tuanze mikutano, bomba limekauka mara sita. Stima imepotea mara tano. Sita na tano ni kumi na moja. Kumi na moja kati ya kumi! Hatari ya kukosa maji au stima siku ile imepita hata uhakika wenyewe. Tungoje Desemba."

Wakapiga makofi. Nilijua mtaa wetu una shida nyingi, ila sikujua zimeshaizidi kalenda.

Dada akanitazama kutoka mlango wa jikoni, amekunja kanga tumboni. Alikuwa mjamzito, na gauni la harusi, la kuazima, lilikuwa tayari linambana. Nyumba nzima tulijua. Kamati, yenye uchunguzi wa kila kitu, haikujua. Kufikia Desemba, gauni lile lingemfaa mtoto kama chandarua.

"Mwalimu," akaniambia, "si wewe hufundisha watoto hesabu? Fundisha na hawa."

Nikapanga vifuniko kumi vya soda mezani, kila kimoja Jumamosi moja. Sita nikavipindua: bomba kavu. Kisha nikashika njiti tano za kiberiti, za siku za giza.

"Niziweke wapi?"

"Popote," akasema mwenyekiti.

"Popote nini?" Mama akadakia. "Pampu ya tangi inakunywa stima. Stima ikienda, maji nayo huenda. Wewe ukikaa gizani na kiu hukumbuki?"

Basi njiti zote tano zikakaa juu ya vifuniko vilivyopinduliwa. Vinne vikabaki safi, vikimkodolea macho mwenyekiti.

Msomaji, usimcheke kupita kiasi. Kosa lake hulifanya karibu kila anayeanza kujifunza uwezekano. Ukitaka nafasi ya hili au lile, jumlisha zote mbili, kisha toa siku zilizo na yote mawili, kwa kuwa umezihesabu mara mbili. Sita na tano, toa tano: sita kati ya kumi. Na jibu likipita kumi kati ya kumi, usiitishe mkutano. Rudia hesabu.

"Sita bado ni nyingi," mwenyekiti akang'ang'ania. "Afadhali Desemba."

"Kaka," dada akaniuliza, "kwa mwendo huu, harusi ikiwa wiki mbili zijazo, nafasi ya kupata maji na stima vyote viwili ni ngapi?"

"Nne kwa kumi."

"Na Desemba?"

"Kama pampu ni ileile, nne kwa kumi."

"Sasa tungoje nini? Pampu izeeke?"

Shangazi mmoja akacheka hadi soda ikamtoka puani. Mwenyekiti akatangaza kwamba, baada ya kutafakari kwa kina, ameamua tarehe ibaki ileile.

Siku ya harusi ilipofika, stima ilipotea alfajiri na maji yakaifuata kwa utiifu. Mwenyekiti alizunguka uani akiwa na furaha kuliko bwana harusi. "Si niliwaambia? Si niliwaambia?" Mama akamkabidhi ndoo mbili na kumwonyesha njia ya kwa mchuuzi wa maji.

Chumbani, shangazi wawili walikuwa wameshika gauni, mmoja akisukuma, mwingine akivuta zipu.

"Vuta pumzi, bibi harusi."

"Nimevuta!"

Zipu ikapanda, ikasita kidogo kiunoni, ikafika juu. Dada akatoka bila kuthubutu kupumua, na hakuna aliyemuuliza habari za stima.