Ng'ombe Wangu Mahakamani

Mshitakiwa alipoulizwa kama ananijua, alinitazama toka kichwani hadi viatuni, akasema hajawahi kuniona. Nikacheka kwa sauti. Karani alinikazia macho, nikanyamaza, lakini woga wote niliotoka nao kijijini kwetu Mwamkulu asubuhi ile uliniisha palepale.

Hajawahi kuniona! Huyu ndiye aliyekuja nyumbani kwetu na shati lililopigwa pasi, akajiita wakala wa ajira za Uarabuni. Kazi ya kupika hotelini, alisema, tiketi na chumba vipo tayari, bado gharama za kibali tu. Sisi ni wafugaji, akiba yetu ipo zizini. Baba akamkabidhi ng'ombe wangu wa maziwa, niliyemlea toka ndama na kumkamua mwenyewe. Hatukuandikishana kitu. Kwetu mtu akishakula ugali wako, kumwekea karatasi mezani ni kumtukana.

Wiki zikapita, simu yake ikawa haipatikani. Nilipokwenda polisi niliambiwa hana kibali chochote cha kupeleka watu nje, na mabinti wawili wa Kibaoni walishanitangulia kulalamika. Mwizi mwenye akili angemuuza yule ng'ombe mnadani siku ileile. Huyu alipenda maziwa. Nilienda na askari hadi Ilembo, tukamkuta ng'ombe wangu amefungwa nyuma ya nyumba yake, amenenepa kabisa.

Kesi ilipokaribia, baba mdogo wa mshitakiwa alitutembelea na sukari na kitenge cha mama.

"Tuyamalize kifamilia," alimwambia baba. "Ng'ombe wenu mtarudishiwa. Nyie siku ya kesi mbaki tu nyumbani."

Hivyo ndivyo kesi za namna hii zinavyokufa huku kwetu: mashahidi wanapewa chao, mahakama inabaki na viti vitupu. Wale mabinti wa Kibaoni walishanyamazishwa hivyohivyo. Nilikuwa nimebaki mimi tu, na nikinyamaza, yule bwana angepiga pasi shati lake na kuhamia kijiji kingine.

"Mwanangu, tumchukue ng'ombe wetu," baba alisema. "Ukishindwa kule, tumekosa vyote."

"Sishindwi," nikamjibu, nikambebesha mgeni sukari yake na kitenge chake. Mama alikiangalia kile kitenge kikiondoka, kisha akarudi jikoni.

Sasa mahakamani mshitakiwa akaongeza kwamba ng'ombe yule amezaliwa zizini kwake. Mwendesha mashtaka akamwomba hakimu tutoke nje, uani, alikofungwa ng'ombe kama kielelezo, tuone atamfuata nani. Wakili wa mshitakiwa akapinga, akisema ng'ombe humfuata yeyote mwenye pumba.

"Basi aanze mteja wako," hakimu akasema. "Bila pumba."

Kamba ikafunguliwa. Yule bwana akaita, akabembeleza, akapiga makofi. Ng'ombe aliendelea kula majani kando ya ukuta, hata sikio hakuligeuza. Watu wakaanza kuguna.

Zamu yangu ilipofika nilisimama upande wa pili wa ua, nikamwita ninavyomwita siku zote wakati wa kukamua: mluzi mfupi, kisha hoo, hoo. Aliinua kichwa na majani mdomoni. Alikuja moja kwa moja, akawapita hakimu na wakili, akanisukumia pua yake kwapani kama zamani. Ua mzima ukacheka. Mimi nililia. Nilikubali atolewe ili nikapike kwa watu nisiowajua, na yeye hakuwa na kinyongo nami hata kidogo.

Jumbe za sauti alizonitumia mshitakiwa kwenye simu, akiniahidi ndege ya wiki ijayo, zikamalizia kazi. Alitiwa hatiani kwa kufanya uwakala wa ajira za nje bila kibali na kujipatia mali kwa udanganyifu, akaenda jela. Mimi nikarudi Mwamkulu kwa miguu, nikimswaga ng'ombe wangu katikati ya barabara, na wenye pikipiki wakanipisha.

Safari yangu sijaifuta. Jela ameenda yeye, kwa nini ndoto yangu ifungwe naye? Safari hii nimemtafuta wakala mwenye kibali, na nimekwenda mwenyewe ofisi ya kazi kukihakikisha. Baba ananielewa. Kila asubuhi anatangulia zizini, anapiga mluzi mfupi, kisha hoo, hoo. Ng'ombe bado haji, na baba bado anaita.