Kimya cha Kabla ya Kuimba

Mimi sipendi kimya. Nimelelewa kwenye nyumba ya kelele, redio haizimwi, mama anagombana na kuku, na huko kwetu mtu akinyamaza jua ameudhika au anaumwa. Ndiyo maana lile zoea la bibi niliyekuwa nikimtunza pale Al Sadd, mtaa wa Doha, lilinikera tangu mwanzo.

Alikuwa Mhispania, mjane, mwimbaji mstaafu wa operetta, ile michezo ya jukwaani ambayo watu huimba kidogo, huzungumza kidogo, hugombana na kuoana kabla pazia halijafungwa. Mwanawe, injinia, alimleta Doha baada ya mumewe kufariki. Mimi niliajiriwa kumpa dawa, kumwogesha na kumsikiliza. Hasa kumsikiliza. Alianza akiwa msichana wa kuimba nyuma na wenzake, mpaka siku mwimbaji mkuu alipougua ghafla, akasukumwa mbele amevaa viatu vya yule mgonjwa, vinabana kweli kweli. Baada ya hapo akazunguka na kikundi miji midogo ya kwao, wakilala kwenye nyumba za wageni zenye kunguni. Wengi walimzidi sauti, alikiri, lakini mdomo hakuna aliyemzidi: akifika kwenye sehemu ya kuzungumza, watu walishika mbavu. Hilo nililiamini bila kuuliza. Chai ikipoa kidogo tu, nilitukanwa kwa Kiingereza, kisha kwa Kihispania.

Zoea lenyewe lilikuwa hili: siku moja kabla ya kuimba, haongei. Hata kama ni kuimba tu kwenye simu kwa dada yake. Anafunga kitambaa shingoni, anaonyesha kwa vidole: maji, dirisha, toka. Wenzake wote wa jukwaani walifanya hivyo, alisema, kutunza sauti.

Sasa, presha yake ilikuwa inapanda na kushuka inavyotaka. Daktari alitukalisha, mimi na mwanawe, akatuonya. Damu inaweza kuganda kichwani, alisema. Mkisikia maneno yanamkwama, msingoje hata kidogo, mleteni, kwa sababu dawa yake husaidia ikiwahiwa tu. Tangu siku hiyo masikio yangu yalikuwa kazini, hata nikipika.

Kisha marafiki Wahispania wa mwanawe wakamwomba awaimbie kwenye sherehe yao, Ijumaa alasiri. Tangu awe mjane hakuwahi kusimama mbele ya watu. Alifurahi jamani, akanifanya nipige pasi gauni moja mpaka nikalichukia.

Nilitarajia kitambaa Alhamisi. Jumatano asubuhi nikamkuta ameketi kitandani, tayari amekifunga.

“Mama, mbona mapema hivi?”

Akaweka kidole midomoni. Nikasema haya, labda kwa shughuli kubwa wanaongeza siku. Lakini moyo haukutulia. Alinitazama muda mrefu mno, kisha akageukia ukuta.

Alhamisi nikaipoza chai makusudi ili anitukane. Akainywa yote, taratibu, mpaka tone la mwisho. Haki ya Mungu, nywele zilinisimama. Nikamwambia atabasamu, akatabasamu sawasawa. Nikamwambia ainue mikono, akaiinua yote miwili, halafu akanipiga kofi mkononi nimwondokee. Kila nilichofundishwa kukiangalia kilikuwa sawa, isipokuwa kile kimoja ambacho hangenipa.

Jioni nikamwambia mwanawe. “Mfanye aseme neno moja tu, bosi. Moja.”

Akacheka. “Ukimwongelesha leo atakufukuza kazi, na mimi atanifukuza kwangu. Nimelelewa na huyo mwanamke, dada. Nyumba ikinyamaza, tulijua kuna onyesho.”

Nikanyamaza na mimi. Nilitaka sana awe amesema kweli.

Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, sikwenda kanisani Abu Hamour, nilikataa kumwacha. Ukumbini akasimama kando ya piano, mgongo umenyooka. Akaimba. Maneno yote! Ulikuwa wimbo wa bibi harusi anayewacheka wakwe zake, na hakuna hata silabi iliyokwama. Machozi yalinitoka kwa nafuu. Nikajiita mjinga, nikamwomba Mungu msamaha kwa kumtabiria mabaya mama wa watu.

Halafu wimbo ukafika kwenye sehemu ya kuzungumza.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mpiga piano akangoja. Watu wakaanza kucheka, wakidhani ndiyo vichekesho vyenyewe, na kadiri alivyohangaika na midomo ndivyo walivyozidi kucheka. Mimi sikucheka. Akanitafuta kwa macho kule nyuma, akanipata, na hadi leo naamini alikuwa anajua tangu Jumatano. Kisha akadaka tena wimbo, akauimba mpaka mwisho, na ukumbi mzima ukasimama.

Tulimtoa tukimshika huku na huku. Hospitalini daktari alitaka kujua jambo moja kwanza: mara ya mwisho alizungumza lini? Mwanawe akanitazama, nami nikamtazama. Nikasema Jumanne, baada ya chakula cha jioni. Daktari akatikisa kichwa. Muda wa dawa ile umepita, alisema. Akatueleza kwamba wimbo ulioimbwa miaka na miaka huweza kubaki kichwani hata pale mazungumzo yanapopotea.

Mwanawe alikuwa hasikii tena. Alikuwa amemwinamia mama yake, mtu mzima yule, kama mtoto.

“Mama, mimi ni nani? Sema jina langu. Sema tu.”

Bibi akamshika shavu. Nilimwona akilitafuta hilo jina, shingo imemkakamaa, uso umemwiva. Mdomo ukafunguka, na kilichotoka kilikuwa ule wimbo wa bibi harusi, wa furaha, tangu neno la kwanza, huku machozi yakimtiririka na mkono wake haujaachia lile shavu.

Upande wa pili wa pazia mgonjwa mwingine akapiga makofi, akaomba aimbe tena.