Hema limeruka, na mama mukwe alikuwa ndani

Wapendwa, leo nimeona hema langu likiruka juu ya ziwa, na nilijua mama mukwe amelala ndani.

Musicheke kwanza.

Tangu jana familia yote tulikuwa tumepiga kambi kando ya ziwa Kivu. Vigingi vilikataa kuingia kwenye mawe yetu ya volkano. Basi mimi, fundi wa maneno, nikakandamiza pembe za hema kwa mawe na kutangaza, "Hii haitikisiki!"

Asubuhi tukapanda mtumbwi na watoto. Mama mukwe anaogopa maji. "Endeni, mimi nalala."

Tulipokuwa mbali, upepo ukaanza. Watoto wanaimba, mimi nageuka kila saa kuangalia hema.

"Papa Espoir, tulia, utatumwaga!" mke wangu akasema.

Hapo hema likainuka, likapinduka hewani, likaanguka majini.

"Mama!" mke wangu akalia.

Nilipiga kasia mpaka suruali ikapasuka. (Tumbo langu munalijua.) Nikalishika hema, nikafungua zipu.

Ndani, mto wake wa kulalia tu.

"Mukwe!" Sauti ilitoka ufukweni. Mama amekaa juu ya jiwe, anakula sambaza, samaki wadogo wa ziwa. "Mimi nilitoka zamani. Jana nilikuona ukilifunga hema kwa mawe."

Sasa tumerudi nyumbani kwetu, mtaa wa Ndosho. Kabla ya kuingia, ameangalia paa.

"Haya mabati, nani alipigilia?"

"Ni mimi, mama."

Upepo umeanza tena. Mama mukwe amekaa nje, na mto wake umelowa mapajani.

Nimwambie nini aingie?