Redio ya Mama Mdogo na Kopo la Vifungo

Baba mdogo ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Futi kwa sababu futi yake ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Mkewe, mama mdogo, alimshonea vifungo kwa miaka thelathini. Walifanya kazi chumba kimoja cha mbele, cherehani huku, kopo la vifungo kule, na katikati yao redio ambayo waliigombania kila siku ya Mungu. Futi alitaka mpira na taarifa ya habari. Mama mdogo alitaka kituo cha mji aliozaliwa, chenye nyimbo za zamani na matangazo ya nani kaoa na nani kapotelewa na mbuzi. Mmoja akinyanyuka kunywa maji, akirudi anakuta kituo kimebadilishwa.

Miaka miwili iliyopita macho ya mama mdogo yalizimika. Hakulia mbele yetu. Ila ukimuuliza umwekee kituo gani, alijibu, "Chochote tu." Mwanamke huyu hakuwahi kusema chochote tu maisha yake yote; hata kitambaa cha mfuko wa ndani alikichagua mwenyewe. Sasa ilibidi aombe, na kuomba hakujui, kwa hiyo akaona bora asitake kitu. Iliniuma kuliko kama angelia. Halafu kile kituo cha kwao nacho kikaacha kurusha matangazo kwa mnara, kikahamia kwenye intaneti. Simu aliijaribu mara moja. Kioo hakina mlima wala bonde, akitafuta nyimbo akampigia daktari wa meno.

Ndipo baba mdogo akaniita. Mimi ndiye mjuzi wa intaneti katika ukoo wetu, na kusema kweli sifa hizo zimenivimbisha kichwa. Aliniambia anatafuta redio ya intaneti ambayo mama mdogo ataiwasha na kubadilisha vituo mwenyewe, bila kumwita mtu. Kama haipo, tusinunue.

Dukani niliyasahau hayo yote. Nikaikimbilia ya kwanza, ina kioo cha rangi na vituo elfu thelathini.

"Elfu thelathini vya nini?" akasema baba mdogo. "Mwenzangu ana vitano."

Muuzaji, mama mmoja mwenye subira, akaleta nyingine, ile unayoiambia kwa mdomo ikutafutie kituo. Nikajua hapo tumefika. Baba mdogo akatikisa kichwa.

"Mimi mumewe haniombi. Ataiomba redio?"

Ya tatu ilikuwa sanduku jeusi lisilo na sura, lakini mbele ilikuwa na vitufe sita. Kila kitufe unakihifadhia kituo chako, ukikibonyeza kituo kinakuja. Baba mdogo akatoa leso mfukoni akajifunga macho, pale pale mbele ya wateja. Nikatamani ardhi ipasuke. Akamwomba muuzaji amtajie namba. Akitajiwa cha nne, anabonyeza cha tano. Akitajiwa cha pili, anabonyeza cha tatu. Vitufe vilikuwa bapa, vimebanana, vyote sura moja. Alirudia mara nyingi, na alipofungua leso macho yake yalikuwa mekundu, nikajifanya naangalia pasi.

"Tunachukua hii," akasema.

Nikamkumbusha kwamba ameshindwa kuitumia. Akanijibu kuwa nguo ya dukani hupelekwa kwa fundi.

Jioni ile niliviingiza vile vituo vitano, na yeye akabaki na gundi yake. Kesho yake akaniita nikaone. Juu ya kila kitufe chenye kituo alikuwa amebandika kifungo cha nguo: chekundu cha taarifa, cha kijani cha mpira, cha bluu cha kituo cha kwao mama mdogo, na vingine viwili, cha manjano na cheupe. Kazi safi, nikaisifu. Akamkalisha mkewe, akamshika mkono, akauweka juu ya redio. Mama mdogo akavipapasa kimoja kimoja, akaenda, akarudi.

"Vyote hivi ni vya shati la shule," akasema. "Matundu manne, saizi moja. Baba watoto, umechagua kwa rangi?"

Maisha yake yote Futi amechagua vifungo kwa macho, na siku ya kuchagua kwa vidole macho yakamtangulia. Na mimi mjuzi niliyesifu nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilingoja lile jibu la mama mdogo. Akisema chochote tu, basi redio inarudi dukani na yeye anarudi kwenye kimya chake.

"Niletee kopo langu," akasema mama mdogo.

Hakuwa ameligusa tangu augue. Alilimwaga mapajani, vidole vikaingia kazini. Kikubwa cha koti akakipa kituo cha kwao. Cha chuma cha suruali ya jinzi, taarifa ya habari. Kidogo cha gauni la mtoto, hadithi. Cha ngozi ya kusuka, muziki wa dansi. Mpira aliupa kifungo chembamba kuliko vyote, akasema huo si wa kuguswa mara kwa mara. Kitufe cha sita kikaachwa kitupu. Baba mdogo alibandua vifungo vyake kwa wembe, akabandika vya mkewe.

Wiki iliyofuata nilipitia suruali yangu. Redio ilikuwa katikati yao kama zamani, mpira umekolea, dakika za mwisho. Mara mkono wa mama mdogo ukanyooka, ukapapasa mara moja tu, na mpira ukakatika. Ukaingia wimbo wa kwao.

Mguu wa Futi ulisimama juu ya pedali. "Mama watoto, nilikuwa nasikiliza."

"Mimi nataka hiki," akasema mama mdogo.

Baba mdogo alinitazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta. Alikuwa anacheka bila sauti. Alingoja mpaka mkewe akaenda jikoni, akipapasa ukuta, kunywa maji. Kisha akanyoosha kidole polepole kuelekea kile kifungo chembamba.

"Toa mkono," sauti ikatoka jikoni.

Akautoa.